Tope la Mlima Elgon Halina Cheo

Msafiri atokaye Kampala kwenda mashariki huvuka Mto Naili pale Jinja, hupita Iganga, kisha hushika barabara ya Tirinyi inayokata mabonde ya Mto Mpologoma yenye mashamba ya mpunga. Kwa muda mrefu nchi huwa tambarare, hata mgeni huanza kudhani kwamba safari itakwisha hivyo hivyo. Ghafula mbele yake husimama ukuta wa mawe, wenye maporomoko membamba ya maji yanayoonekana kwa mbali kama nyuzi nyeupe. Huo ni mlima wa Wanale, na chini yake umelala mji wa Mbale. Nyuma ya Wanale uko mlima wenyewe, Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Ni volkano iliyozimika zamani za kale, na mpaka wa Uganda na Kenya hupita juu yake. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kimefikia meta 4,321.

Mlima huu ni mama mwenye mikono miwili. Kwa mkono mmoja huwapa watu wake kahawa ya arabika, ndizi, vitunguu, kabichi na maharage. Kahawa hiyo ndiyo iliyowafanya wakulima waunde chama chao kikuu cha ushirika cha Bugisu mwaka 1954. Upande wa kaskazini, huko Kapchorwa, hewa ya juu ya mlima huo huo imewalea wakimbiaji kama Stephen Kiprotich wa Jeshi la Magereza, aliyeshinda medali ya dhahabu ya mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012. Kwa mkono wa pili, mama huyo hutoa tope.

Siku hizi barabara kubwa zinazozunguka miguu ya mlima zimetiwa lami. Lakini vijiji haviko barabarani. Viko juu, penye migomba na mibuni, na njia za kuvifikia ni za udongo mtupu. Mwalimu, muuguzi na askari polisi wanaofanya kazi huko hawana budi kuiacha lami na kupanda. Mvua ikinyesha, tope haliulizi nani ana nyota begani na nani hana.

UDONGO NA TABIA ZAKE

Yafaa kwanza kuujua udongo wenyewe, kwani asiyemjua adui yake hawezi kupanga ulinzi. Miteremko ya Elgon hupata mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu kama Bududa. Mvua huanza Machi, hupata nguvu Aprili na Mei, na hurudi tena kabla ya mwisho wa mwaka. Udongo umetokana na miamba ya volkano, nao una mfinyanzi mwingi.

Kwa sababu hiyo tope la huko lina hali tatu. Mvua inaponyesha, maji hutiririka juu ya udongo nao huteleza kama sabuni, ila haugandi sana kwenye gurudumu. Saa chache baada ya mvua kukatika, udongo huanza kukauka na kunata kama unga uliokandwa. Hiyo ndiyo hali mbaya kupita zote, kwa maana gurudumu hujiviringishia udongo hata likaacha kuzunguka. Jua likiwaka siku mbili, mikondo iliyochimbwa na magari huwa migumu kama matofali, na gurudumu likiingia humo halitoki bila kumwangusha mwendeshaji.

Tope hilo si jambo la kuchekea. Tarehe 1 Machi, 2010, baada ya mvua ndefu, mteremko wa Nametsi katika wilaya ya Bududa ulimeguka na kufukia vijiji pamoja na kituo cha afya. Wanajeshi waliopelekwa kuokoa walichimba kwa majembe na kwa mikono, kwa kuwa mitambo mikubwa haikuweza kufika. Oktoba 2018 balaa ilirudi Bukalasi, katika wilaya hiyo hiyo, na Novemba 2024 ikawakuta watu wa Bulambuli. Askari wa sehemu hizo anajua kwamba kufika mahali pa kazi ni nusu ya kazi yenyewe.

BAISKELI YA KUNG'AA

Konstebo mmoja wa kituo kidogo cha polisi katika vilima hivyo alipanga nyumba karibu na lami, ili watoto wawe karibu na shule na mkewe awe karibu na soko. Kutoka nyumbani hadi kituoni ni kilometa 9: 3 za changarawe na 6 za udongo unaopanda. Kwa miguu ni zaidi ya saa mbili. Pikipiki za bodaboda zipo, lakini nauli ya kupanda na kushuka kila siku ingeuguguna mshahara kimya kimya kama mchwa, na mvua ikiwa kubwa wenye pikipiki nao hukataa kupanda. Konstebo akaamua kununua baiskeli.

Alinunua ile iliyomvutia macho. Ilikuwa mpya, nyekundu, yenye gia 21, springi mbele na springi nyingine nyuma, na maandishi makubwa ubavuni. Ilimgharimu mshahara wa mwezi mzima na ushei. Alipoifikisha nyumbani majirani walitoka kuitazama. Mkewe aliizunguka mara mbili, kisha akauliza swali moja tu:

"Baba watoto, karia itafungwa wapi?"

Konstebo alicheka. Karia ni ya wabeba ndizi, alisema.

Mvua za Aprili zilipoanza, kicheko kilikwisha. Kati ya tairi na fremu palikuwa na nafasi ya unene wa kidole kidogo tu. Kila hatua mia tope lilijaa hapo na gurudumu likasimama. Springi ya nyuma ilikuwa ikibonyea kila alipokanyaga, hata nguvu ya miguu ikaishia kwenye springi badala ya kwenda kwenye gurudumu. Baada ya miezi miwili viungo vya springi hiyo vilikuwa vimelegea, na baiskeli ikitembea kama punda mwenye kilema. Yote hayo aliyavumilia. Lakini mchanga uliokuwamo ndani ya tope ulikuwa ukizisaga raba za breki siku hata siku. Siku moja alizitazama, akaona zimebaki chuma kitupu, akasema atazibadili mwisho wa mwezi.

Siku tatu baadaye, jioni, akiteremka nyumbani, alifunga breki kabla ya kona na baiskeli isipunguze mwendo. Alikatiza mtaro, akaingia katika shamba la kahawa na kuvunjika mtulinga. Wiki sita hakwenda kazini. Mkewe aliuza kuku wote wa nyumbani. Bahati njema ni kwamba siku hiyo hakuwa amempakia mtoto.

Alipoanza kutembea tena, aliipeleka ile baiskeli kwa fundi mmoja mzee mwenye kibanda karibu na soko. Mzee aliigeuza juu chini, akazungusha magurudumu, akatikisa kichwa.

"Afande," alisema, "mlima hauna kosa. Ulinunua rangi."

KUCHAGUA KWA AKILI

Baiskeli nyekundu iliuzwa kwa bei ya hasara, na safari ya pili mume na mke walikwenda kwa fundi pamoja. "Tununue kitu tutakachoweza kukitengeneza sisi wenyewe," mke alisema, na shauri hilo ndilo lililoongoza mambo yote.

Fundi alianza kwa kuipa haki yake baiskeli nyeusi ya wazee, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma. Baiskeli hiyo imesomesha watoto wengi Uganda. Imebeba ndizi, maziwa, wagonjwa na maharusi. Jina la bodaboda lenyewe lilizaliwa juu ya kiti chake cha nyuma, huko Busia, mpakani na Kenya. Lakini kwa njia ya kupanda yenye tope ina upungufu wa namna mbili. Kwanza haina gia. Ikiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, kanyagio likizunguka mara moja gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu, na baiskeli husogea zaidi ya meta 5. Mlimani hilo ni zito kwa goti la mwanadamu. Pili, breki zake hubana ringi ya chuma, na ringi hiyo ikilowa raba huteleza juu yake.

Baiskeli ya mlimani ilibuniwa ili kutibu mambo hayo hayo. Ilianzia Marekani, California, katika miaka ya 1970, wakati vijana wa Marin County walipokuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu zenye breki ndani ya habu ya nyuma. Mteremko mmoja ulipewa jina la Repack, maana yake kujaza upya, kwa kuwa joto la breki liliunguza grisi yote ya habu na ilibidi kujaza nyingine. Mashindano ya mteremko huo yalianza mwaka 1976, na mwaka uliofuata Joe Breeze aliunda mojawapo ya fremu za kwanza zilizokusudiwa kazi hiyo. Hivyo baiskeli hii ilizaliwa katika tabu ya breki, na anayeinunua bila kutazama breki amesahau asili yake.

Mambo aliyoyaonyesha fundi siku ile yanafaa kuwekwa akilini na kila mwenye kutaka kununua.

Jambo la kwanza ni nafasi. Dole gumba lazima lipite bila kubanwa kati ya tairi na fremu, mbele kwenye uma na nyuma karibu na makanyagio. Mahali dole gumba lisipopita, tope litakwama. Madigadi za bati zinazolikumbatia tairi nazo hujaa udongo. Bora ni za plastiki, fupi, zilizoinuliwa juu ya tairi, au kipande cha mpira mkuukuu kilichofungwa chini ya fremu kuzuia tope lisimrukie mtu usoni.

La pili ni springi. Springi za bei nafuu huongeza uzito, huingiwa na tope na kushika kutu. Mwenye fedha za kadiri achague uma wa mbele usio na springi, na aepuke kabisa springi ya nyuma. Tairi pana lenye upepo wa kiasi ni springi ya kutosha.

La tatu ni fremu. Fremu ya chuma ni nzito kidogo kuliko ya alumini, ila ikivunjika huweza kuchomelewa hata katika mji mdogo. Alumini huhitaji mtambo na ujuzi maalumu. Kwa baiskeli iliyokwisha kutumika, mnunuzi achunguze maungio yaliyo chini ya usukani. Rangi iliyokunjamana au kupasuka hapo ni dalili kwamba fremu iliwahi kugongwa. Tena asimame akiwa ameipanulia miguu fremu. Pasipobaki nafasi ya vidole vinne kati yake na bomba la juu, baiskeli hiyo ni kubwa mno kwake, na siku atakayoteleza ataumia vibaya.

La nne ni gia. Wingi wa gia si sifa. Kinachotakiwa ni gia nyepesi ya kupandia. Meno 28 mbele na 28 nyuma hulizungusha gurudumu mara moja kwa kila mzunguko wa kanyagio, na baiskeli husogea meta 2 hivi. Ni mwendo wa pole, lakini ni mwendo.

La tano ni magurudumu na tairi. Ukubwa umeandikwa ubavuni mwa tairi. Fundi alishauri inchi 26 kwa sababu tairi na mipira ya ndani ya ukubwa huo alikuwa nayo kibandani, na wenzake wa masoko ya jirani walikuwa nayo pia. Gurudumu zuri lisilo na tairi dukani ni pambo tu. Tairi liwe na vinundu vilivyoachana, maana vinundu vilivyosongamana hushika udongo na kuwa laini kama tairi lililoisha. Upana wa inchi 1.95 hivi hutosha; lililo pana kupita kiasi huelea juu ya tope badala ya kulikata na kufika penye udongo mgumu.

La sita ni breki. Za sahani, zilizo kwenye habu, hufanya kazi vizuri zaidi katika tope kwa kuwa ziko mbali na ringi. Za ringi huchakaa upesi, ila raba zake hupatikana kila soko na huweza kubadiliwa kwa spana moja. Konstebo, akiukumbuka mtulinga wake, alitaka za sahani. Fundi alimwuliza atapata wapi vipuri vyake mvua ikiwa imekata njia ya mjini. Mke akaamua: za ringi, pamoja na raba mbili za akiba zitakazokaa katika mkebe nyumbani siku zote. Raba ya akiba isiyokuwapo ndiyo iliyowagharimu kuku wao.

La mwisho ni karia. Karibu na ekseli ya nyuma pawe na matundu ya skrubu za kuifungia. Safari hii konstebo hakucheka.

Baiskeli waliyoinunua ilikuwa imetumika, rangi yake ya kijani imechubuka, nayo iligharimu chini ya nusu ya ile ya kwanza. Hakuna jirani aliyetoka kuitazama.

KUITUNZA NYUMBANI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya konstebo utunzaji umegawanywa mara tatu: wa kila jioni, wa kila Jumamosi, na wa kabla ya mvua.

Kila jioni baiskeli husafishwa kabla tope halijakauka. Kijiti butu hutoa udongo ulioganda kwenye uma na breki, kisha maji ya ndoo na kitambaa hufuata. Maji yenye nguvu ya mashine ya kuoshea magari hayafai, kwa kuwa huingia penye gololi na kufukuza grisi. Wala si vizuri kuiosha baiskeli kijitoni, kwani huko chini wengine wanachota maji ya kunywa. Mwisho, mnyororo hupanguswa kwa kitambaa kikavu na breki hukaguliwa. Kazi yote ni dakika kumi.

Jumamosi mnyororo hupakwa mafuta. Watu wengi huutia oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini. Hilo ni kosa, kwa maana oili hiyo imejaa vumbi la chuma na hunasa mchanga, na mchanga pamoja na oili ni msasa. Mafuta ya kupikia nayo huganda kama gundi. Panatakiwa tone moja la oili safi ya mashine kwa kila kiungo, kisha kuzungusha makanyagio na kufuta yote yaliyobaki nje. Mnyororo uliochafuka sana huweza kuoshwa kwa mafuta ya taa, lakini kazi hiyo ifanyike nje, mbali na jiko la makaa, na mafuta yawekwe mbali na watoto. Hata tone moja lisiguse ringi wala raba za breki.

Mnyororo hurefuka kwa kuchakaa, na rula ya mtoto wa shule hutosha kuupima. Mnyororo mpya, ukihesabiwa pini 25 mfululizo, huwa na inchi 12 kamili toka pini ya kwanza hadi ya mwisho. Ukizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, ubadilishwe. Ukiachwa hadi uzidi milimita 3, utakuwa umekwisha kuyala meno ya nyuma, na badala ya kununua kitu kimoja mtu atanunua viwili.

Raba za breki zina mifereji midogo. Mifereji ikifutika, hubadilishwa siku hiyo hiyo, iwe mwisho wa mwezi au katikati. Ringi nayo hutazamwa, kwa kuwa husagwa pamoja na raba. Ubavu wake ukiwa umebonyea kama sahani, gurudumu hilo limestaafu. Nyaya za breki huvutwa kuonekana kama zinateleza ndani ya ala zake, na nyuzi zilizoanza kukatika ni onyo la kutosha.

Kabla ya mvua za Machi, na tena mvua hizo zikiisha, habu hufunguliwa, gololi zikaoshwa na kutiwa grisi mpya. Ndivyo inavyofanywa pia iwapo baiskeli imevuka kijito kilichofunika ekseli. Ili kujua kama habu imelegea, gurudumu hushikwa juu na kutikiswa kushoto na kulia. Likigonga, pana kazi. Hapo mke wa konstebo amewazidi wengi maarifa, kwa sababu alisimama kibandani mwa fundi akatazama mara tatu, na mara ya nne akafanya mwenyewe. Ndiye pia aliyemfundisha mumewe kwamba kanyagio la kushoto lina nyuzi za kinyume, na hufunguliwa kwa kuzungushwa upande ambao mengine yote hufungwa.

KATIKA NJIA YENYEWE

Upepo wa tairi hupunguzwa kidogo wakati wa tope ili lishike ardhi. Kwa mtu wa uzito wa kawaida, pauni 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba hutosha, na mzigo ukiwapo huongezwa. Ukipunguzwa kupita kiasi, jiwe huubana mpira wa ndani dhidi ya ringi na kuutoboa mara mbili, matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka.

Katika kupanda, mwendeshaji ateremshe gia kabla hajafika penye mlima, akae kwenye kiti ili uzito ulibane gurudumu la nyuma, na akanyage kwa mwendo ulio sawa. Katika kuteremka, mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani yake. Breki zote mbili zibanwe kidogo kidogo, ya mbele kwa uangalifu zaidi, kwani gurudumu la mbele likisimama kwenye utelezi halina tena habari na usukani. Mwenye mtoto nyuma na ashuke, asukume. Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kutembea.

Konstebo huvaa buti za mpira, viatu vyake vya kazi akiviweka katika mfuko wa plastiki kwenye karia ile ile aliyoidharau. Humo pia mna pampu, viraka, gundi, spana na kijiti cha kutolea tope.

USIKU WA MVUA

Usiku mmoja wa Mei mvua ilinyesha tangu magharibi hadi alfajiri. Saa kumi na moja simu ilipigwa kutoka kituoni: katika kijiji cha juu ardhi ilikuwa imefanya nyufa nyuma ya nyumba, na watu wengine walikuwa wakikataa kutoka. Watu wa Bududa na majirani zao wanajua maana ya nyufa hizo.

Gari la kituo lilikuwa limekwama kilometa 4 chini. Konstebo alitoka na taa yake. Kilometa 3 za changarawe alizipita upesi. Kilometa 3 zilizofuata alipanda kwa gia ya mwisho, mara akishuka kutoa tope kwa kijiti, mara akisukuma. Palipobaki kilometa 3, njia ikawa mto mwekundu. Akaifunga baiskeli kwenye nguzo ya duka na kuendelea kwa miguu. Kulipopambazuka alikuwa akigonga milango, na kabla ya saa mbili wazee, wanawake na watoto walikuwa wamekusanyika katika shule iliyo kwenye kilima cha upande wa pili. Siku hiyo mteremko haukushuka. Wengine walinung'unika kwamba wameamshwa bure. Konstebo hakujibizana nao.

Alirudi nyumbani magharibi, amelowa, hata hakuweza kuvua buti zake mwenyewe. Mkewe alichukua kijiti, akachuchumaa mbele ya uma wa baiskeli na kuanza kutoa udongo, binti yao mkubwa akimshikia taa.

"Raba zikoje?" konstebo aliuliza kutoka ndani.

Mke aliinamisha kichwa, akapapasa kwa kidole.

"Mifereji imekwisha."

Binti akaweka taa chini, akaenda kuuleta mkebe.